Ndama Watatu wa Watawa

Wenzangu wa mashine ya mpunga, tangu nirudi mnanizungukazunguka. Mama Neema kaniuliza mara tatu kama nimelala vizuri. Mimi si mtoto, najua mnachotaka kuuliza. Basi kaeni niseme mara moja, na nikianza mtu asinikate na "enhe, halafu?" Halafu iko mwisho.

Mdogo wangu Jilala mnamjua. Sisi Wasukuma tulifika Usangu na ng'ombe. Tulipohamishwa bondeni tukabaki na fimbo. Mwanaume aliyekulia zizini akikosa ng'ombe wake huchunga wa watu, naye akapata kazi kule Iringa, upande wa chini unaopakana na hifadhi, kwa watawa wenye msitu na chemchemi. Mnajua pia kwamba simba jike alikula ndama watatu wa watawa hao, Jilala akamuua, akakamatwa. Kesi ilikuwa Ijumaa. Mimi nilitoka hapa Jumanne asubuhi na jambo moja tu kichwani: nimpate mtawa, hata mmoja, asimame mbele ya hakimu aseme huyu alikuwa mchungaji wetu, si jangili. Wakili hatuna. Nilijiambia mtu wa Mungu akisema, watamsikiliza.

Kuna kitu nimewaficha hata ninyi. Siku chache kabla ya kumuua yule simba, Jilala alinipigia simu akiwa na uchungu, nami nikamjibu. Nilichomjibu nitakisema tukifika mahali pake.

Ubaruku hadi Makambako, kwenye gari la pumba

Nilipanda Fuso la Sanga, yule Mkinga anayepeleka pumba za mpunga Iringa kwa wafuga nguruwe. Sanga ana maneno machache na nyimbo za kwaya nyingi. Tulitoka Igawa vizuri, tukaanza kupanda, mara tairi la nyuma likapasuka kwa mlio uliowarusha kunguru barabarani. Spea nayo haikuwa na upepo.

Tulikaa pale mpaka jua likapita kichwani. Nilimtukana Sanga, nikalitukana na tairi. Malori ya Zambia yanapita yanatumwagia vumbi, mimi nahesabu kwa vidole: leo Jumanne, kesho Jumatano, keshokutwa.

"Mama, tukana taratibu," Sanga akasema, amelala chini ya gari. "Safari bado ndefu, matusi yatakuishia."

Nikacheka bila kupenda. Nilikuwa nimebeba wali na samaki wa hapa Ubaruku kwenye hotipoti, wa kumpelekea Jilala. Saa tisa nikaona utachacha, tukaula sisi wawili tumekaa juu ya jiwe. Chakula cha mfungwa nakila mimi niliye huru, na bado nina njaa.

Makambako tuliingia na baridi ile ya kukata masikio. Nikakimbilia chai kwa mama mmoja Mbena, akanikaribisha, "Kamwene," nikaitikia nilivyoweza. Akaniuliza ninakokwenda, nami, mdomo wangu huu, nikamweleza. Meza ya pili kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti zito. Hakuninong'onea, alisema kwa sauti ya mkutano:

"Hawa Wasukuma wameshaukausha mto kwa ng'ombe wao. Sasa wanamalizia na simba."

Watu wakageuka kuniangalia. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Hiyo chai yako ina maziwa, uliza yamekamuliwa na nani." Wakacheka, naye akainamia kikombe chake.

Lakini sitawadanganya, neno lake niliondoka nalo. Nimekaa Usangu nikaona mto unaofika hapa kama uzi wakati wa kiangazi. Kila mtu anamwonyesha mwenzake kidole: wa mpunga anamwonyesha wa ng'ombe, wa ng'ombe anamwonyesha wa mpunga. Nilijua kujibu. Sikujua kama nilikuwa na haki.

Makambako hadi Iringa, kwenye ukungu

Kesho yake tulitambaa kwenye ukungu, misonobari huku na huku, taa zimewashwa asubuhi kweupe. Mafinga tukanunua chipsi mayai. Mayai yalikuwa ya moto, chipsi za jana. Sanga alikuwa ameniangalia kwa muda mrefu, ndipo akauliza kwa adabu zote:

"Mama Kabula, lakini kwa umri huu, watakupokea kweli?"

"Nani?"

"Si hao watawa. Na watoto umemwachia nani?"

Kumbe tangu Ubaruku alidhani nakwenda kuingia utawa! Jana yote nilipokuwa natukana tairi alikuwa ananionea huruma, kwamba huyu wito wake una kazi. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko. Nikamweleza ya Jilala. Sanga alizima nyimbo zake. Tulipofika Iringa akanitafutia mwenyewe bodaboda anayeijua njia ya watawa, akamwambia, "Huyu ni dada yangu, usimwangushe."

Iringa hadi kwa watawa

Njia inashuka, inashuka, baridi inabaki juu, unavua sweta, unavua kilemba. Kule chini ni nchi kavu yenye miiba, na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Kijana wa bodaboda alikuwa Mhehe, mchangamfu, lakini tulipokaribia akaanza kupunguza mwendo na kutazama vichaka.

"Unaogopa nini, na simba kashauawa?" nikamuuliza.

"Simba nilimzoea, mama. Sasa hivi kuna watu wa mkaa humo ndani, wana mashoka, na hawapendi kuonwa."

Shamba la watawa nililijua kwa uzio wake. Waya umezungushwa, na kila hatua kadhaa umening'inizwa mzinga wa nyuki, ili tembo akigusa waya nyuki watoke. Getini nikakutana na mtawa mmoja mrefu, kanzu kaikunja kiunoni, matope mpaka magotini. Nikamwamkia, nikasema mimi ni Kabula, dada yake Jilala.

Akaiweka ndoo chini. "Mimi ni Bruda Odilo," akasema. "Msitu huu nautunza mimi. Na niliyepiga simu kwa watu wa wanyamapori ni mimi."

Mnanijua. Nilimwambia maneno ambayo sijui kama getini pale yamewahi kusemwa. Nikamwambia kwetu aliyeua simba hajifichi. Anavaa njuga, anabeba mkia na kucha, anapita kwa wenye ng'ombe akicheza, na kila mwenye zizi humtuza kwa kuwa kamwondolea adui. Kwenu alikuja hivyo hivyo, mchana, kwa ngoma. Jangili gani anakwenda kucheza mlangoni kwa mtu? Bruda Odilo alisikiliza yote, mikono imening'inia.

"Alikuja kweli," akasema. "Tulikuwa tunasali tukasikia njuga. Baba Abate, mkuu wetu, alipouona ule mkia alikaa chini pale pale, akalia. Jilala akadhani analia kwa furaha. Akazidi kucheza."



Akanipeleka kwenye chemchemi. Maji yanatoka chini ya mawe, meusi kwa kivuli, baridi. Kando yake pana tope laini, na hapo, aliniambia, kila asubuhi alikuwa akisoma nyayo za yule simba. Alikuwa mzee, jino limevunjika, ndiyo maana alishika ndama. Abate alisema ndama watatu si kitu, tuliikuta nchi hii na wenyewe, wanyama. Wakaanza kujenga zizi jipya la mbao nene. Lilikuwa limebaki paa tu.

"Sasa hebu nyamaza, sikiliza," Bruda akasema.

Nikasikia shoka. Ko, ko, mbali kidogo. Halafu jingine, upande wa pili.

"Hao wa mkaa walikuwa wanamwogopa simba kuliko wanavyotuogopa sisi," akasema. "Hata nguruwe pori waliokuwa hawasogei wameshamaliza mahindi ya bondeni. Miti ikiisha hapa, dada, maji haya yatakauka kama mto wenu."

Nilitaka kuendelea kumchukia. Nikakumbuka yule mzee wa Makambako na koti lake. Nikauliza nililojia: Ijumaa utakuja kumsemea? Akasema lazima amwombe Abate ruhusa, na jibu nitalipata baada ya chakula.

Mezani

Ni nyumba ya kimaskini, watawa tisa, chumba cha chakula kimoja. Mgeni hukaa meza ya mlangoni. Nikaoshwa mikono na Abate mwenyewe, mzee mwembamba, jagi linamtetemeka. Nikakaa. Ugali, maharage, kabichi, na asali kwenye kisahani.

Mtu hakusema neno. Nikasema, "Asanteni kwa chakula." Kimya. Nikamwomba aliye karibu nami chumvi. Akanisogezea bila kuniangalia. Mmoja akasimama kwenye kona, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti moja, habari za bawabu, jinsi anavyotakiwa kumpokea anayebisha hodi. Wengine macho yao kwenye sahani. Vijiko tu vinagonga.

Damu ikanipanda. Nikajiambia, ala! Mmenifungia ndugu yangu, sasa mnaninunia mezani na kunisomea kitabu? Nikasukuma sahani, nikainuka: "Kama hamnitaki semeni! Mimi si mbwa wa kulishwa kimya!"

Msomaji akakoma. Abate akainua macho, na uso wake haukuwa na hasira hata chembe. Alionekana kuogopa. Bruda Odilo akanijia mbio, akanishika mkono tukatoka barazani.

"Dada, samahani, tumekukosea kwa kutokukuambia," akasema. "Sisi tukila hatusemi. Ndiyo desturi ya nyumba. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Hata askofu akija ni hivyo hivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikakaa kwenye ngazi. Na hapa ndipo mahali pa lile nililowaficha.

Siku ile Jilala aliponipigia simu, alisema hivi. Ndama wa tatu kaliwa jana, na watawa hawajamgombeza. Kwa wa kwanza hawakumgombeza, kwa wa pili hawakumgombeza. Kwetu mchungaji akipoteza ndama anatukanwa, anachapwa, yanaisha, jioni anakula. Hawa wananyamaza. Halafu leo, akasema, wameniita nile nao mezani, mimi ambaye siku zote nakula jikoni na wapishi. "Nikajua leo ndiyo leo, dada, watanisema. Wamenikalisha, wamenisusa wote. Hakuna aliyeniangalia. Mmoja kasimama ananisomea, kwamba mtu akipoteza kitu kazini ajitokeze mwenyewe mbele ya wote akilipie. Nimekula ugali kama mchanga."

Nikamsimulia Bruda hayo. Alisikiliza mkono mdomoni.

"Ni kanuni yetu," akasema. "Tunaisoma kipande kwa kipande, kila kipande kina siku yake. Siku hiyo ilikuwa zamu ya ukurasa huo. Na aliyemwita mezani ni Abate. Alimwona kijana amenyong'onyea, akasema mwiteni ale nasi, asijione yuko peke yake."

Mama Neema, usilie bado. Ngoja nimalize.

Nilichomjibu Jilala kwenye simu ni hiki. Nilikuwa nakoroga uji, simu nimeibana kwa bega, wateja wananiita. Nikamwambia: "Mtoto wa baba yetu hasusiwi na watu. Usirudi kwenye meza hiyo mikono mitupu." Nikakata, uji ulikuwa unaungua.

Siku tatu baadaye alikwenda na mkuki na wenzake wawili. Sumu hakutumia, maana watawa walikuwa wamekataza sumu.

Kurudi Iringa, na Ijumaa

Abate aliruhusu. Alhamisi tulipanda juu na Bruda Odilo kwenye pikapu yao mbovu, inachemka kila kilima, tunashuka kuitilia maji. Katika kusimama kwingine akatoa mkate na asali, akanimegea. Tulikula kimya, na safari hii kimya hakikuniumiza. Nilimwomba mambo mengi njiani. Kubwa lilikuwa hili: aseme simba alimrukia Jilala, akajitetea.

"Sikuona akirukiwa," akasema.

"Na hao wa mashoka, mtapiga simu juu yao pia?"

"Nimeshapiga." Akafuta jasho. "Nitasema yote ninayoyajua, dada. Hata ya mezani nitasema."

Nikaridhika. Nilidhani hilo la mezani ndilo litakalomwokoa.

Mahakamani mambo yalikuwa mafupi kuliko foleni ya maji. Jilala aliletwa amekonda, shati la mtu mwingine. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwa askari mmoja mwenye huruma, akiulizwa aseme alirukiwa. Akaulizwa kama ni kweli alimuua. Akasimama wima.

"Ni kweli. Kwa mkuki, mchana, nikiwa mbele."

Nikafumba macho. Mtoto wa baba yetu.

Bruda Odilo akapewa nafasi. Alisema kijana huyu amekaa nao miaka miwili, hajaiba hata yai, na alikuja kwao waziwazi. Halafu akasema, "Kuna jambo la mezani, mheshimiwa..." Hakimu, mama mmoja mpole, akamwambia inatosha Bruda, tumekuelewa, asante. Akaandika kwa muda. Halafu akasoma hukumu kwa sauti ya chini.

Miaka siitaji. Nasema tu kwamba mtoto aliye tumboni mwa mke wa Jilala, siku baba yake akitoka, atakuwa anaota ndevu.

Walituruhusu kumwona kidogo, nyuma ya jengo, kabla ya gari kuja. Nondo katikati. Mimi na Bruda upande huu. Sikuwa na hata lile hotipoti la wali la kumpa. Nilitegemea atalia, au atanilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu: kwamba hawakuwa wamemnunia, kwamba ile meza ilikuwa upendo, kwamba mwenye makosa ni mimi na uji wangu. Mdomo nilishaufungua.

Akanitangulia. "Dada, umefika kwao?"

"Nimefika."

"Wanasemaje?" Uso wake ulikuwa karibu na nondo. "Siku ile mezani walikuwa wamenikasirikia sana. Je, sasa? Imeisha?"

Nikamwangalia. Anakwenda kukaa ndani miaka yote ile, na mzigo anaokwenda nao ni mmoja tu, kwamba alikuwa na deni la aibu na amelilipa. Nikimnyang'anya hilo atabaki na nini? Atakaa na mkuki na simba mzee mwenye jino bovu na watu waliokuwa wanampenda.

"Walikuwa wamekasirika, Jilala," nikasema. "Wamekasirika vibaya sana. Sasa imeisha. Wamekusamehe."

Akageuka kwa Bruda. "Kweli, Bruda?"

Bruda Odilo, mtu asiyesema uongo hata wa kumfungua mtu jela, alinitazama mimi kwanza. Halafu akapitisha mkono katikati ya nondo, akauweka juu ya kichwa cha Jilala, hakusema kitu. Akanyamaza vile vile wanavyonyamaza kwao.

Na Jilala akatabasamu. Akashusha mabega, akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. "Basi," akasema. "Basi, nashukuru." Gari likaja.

Nimerudi kwa basi, dirishani, sina la kusimulia juu ya njia hiyo. Sikuona kitu.

Sasa mmejua. Jilala hajui. Najua mtakwenda kumwona, mmeniambia, mtampelekea sabuni na dagaa, na nawashukuru. Mwambieni mpunga umekuaje, mwambieni mto una maji au hauna, mwambieni mtoto kazaliwa na amefanana na nani. Akiwauliza kuhusu watawa, semeni Kabula alituambia walikasirika sana. Mkishindwa kusema hivyo, nyamazeni. Yeye akinyamaziwa anajijibu mwenyewe.